Mbao Zenye Mawimbi, Misumeno Inayokatika: Utatuzi wa Matatizo ya Mashine Ndogo ya Kupasua Magogo

Katika wilaya za Mufindi na Njombe, kusini mwa Tanzania, ambako shamba la mipaini au mikaratusi ndilo akiba ya familia nyingi, gogo hupasuliwa karibu na mahali lilipoangushwa, na kazi hiyo hufanywa kwa mashine za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya msumeno wa duara inayozungushwa na injini ya dizeli, ambayo wenyeji huiita ding-dong. Ya pili ni ile ya msumeno wa mkanda uliolazwa, ambayo kichwa chake hutembea juu ya reli huku gogo likiwa limetulia kitandani. Mwongozo huu unahusu zaidi hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa na watu wanaotaka kupunguza upotevu, na ndiyo inayowavunja moyo mapema pale inapoanza kutoa mbao zisizonyooka.

Sababu ya kuinunua ni ya hesabu. Msumeno wa mkanda hula takriban milimita 2 za mti kila unapopita, ilhali wa duara hula milimita 6 au 7, na mara nyingine zaidi. Gogo likipitiwa mara 10, msumeno wa kwanza umegeuza sentimita 2 kuwa vumbi, na wa pili sentimita 6 hadi 7, ambazo zingetosha kutoa mbao mbili za inchi moja. Hata hivyo, faida hiyo hupotea yote endapo mbao zinatoka na mawimbi, kwa sababu mpasuaji hulazimika kuongeza unene ili fundi wa randa apate cha kusawazisha, na milimita alizoziokoa kwenye vumbi huenda kuishia kwenye maranda.

Kabla ya kushika spana

Kosa kubwa la mpasuaji anayeanza limo katika utaratibu wake wa kutafuta chanzo. Anaona mbao mbaya, anakaza kitu. Mbao inayofuata ni mbaya kwa namna nyingine, analegeza kitu kingine. Ikifika adhuhuri mashine nzima imekwisha kutolewa katika vipimo vyake, na hakuna anayekumbuka tatizo la asubuhi lilikuwa lipi. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili, wasaidizi watatu wakilipwa kwa kutwa, nikinyoosha rola, yaani magurudumu madogo yanayouongoza msumeno, za mashine isiyokuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa katika jiwe la kunolea lililolika upande mmoja, na kila msumeno niliouvalisha ulikuwa umepita kwenye jiwe hilohilo.

Tatizo lolote la mbao linatoka katika moja ya sehemu tatu: msumeno, mashine, au gogo lenyewe. Kazi ya kwanza ni kuzitenganisha. Kwa ajili hiyo, nunua msumeno mmoja mpya, upake mafuta usishike kutu, uutundike mahali pakavu, na usiutumie kwa kazi ya kila siku hata siku misumeno mingine inapokuwa butu yote. Huo ni msumeno wa ushahidi. Tatizo likizuka, uvalishe, uweke mkazo ulioelekezwa na mtengenezaji, kisha upasue nao mbao mbili tu. Mbao zikitoka nyoofu, mashine yako ni nzima na tatizo liko kwenye unoaji. Zikiendelea kuharibika, tafuta gogo jingine lililo safi, lililonyooka na lisilo na vifundo vingi, ulijaribu. Kama hapo pia hakuna mabadiliko, sasa una haki ya kufungua sanduku la spana, na hata hapo ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, upasue, utazame, ndipo uende kwenye kitu kingine.

Kila unapougusa msumeno, injini iwe imezimwa na ufunguo uwe mfukoni mwako. Msumeno uliokunjwa hufunguka ghafla kama nyoka aliyekanyagwa, kwa hiyo glavu nene na kinga ya macho si vitu vya hiari.

Mbao zina mawimbi

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na lina sababu nyingi kiasi kwamba haifai kulijibu bila kuitazama mbao kwa makini. Ilaze mbao mahali ambapo mwanga unaipiga kwa ubavu, uweke rula ndefu ya chuma juu yake, kisha upime umbali kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine.

Alama zinazojirudia kila baada ya sentimita chache si mawimbi halisi. Chukua mashine yenye msumeno wa urefu wa mita 4 unaokwenda kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde: msumeno huo huzunguka mara 6 na robo katika sekunde moja. Ukisukuma kichwa mita 15 kwa dakika, yaani sentimita 25 kwa sekunde, kila mzunguko mmoja husogea sentimita 4. Mkwaruzo unaojirudia kila baada ya sentimita 4 hivi, basi, unatokana na mahali pamoja katika msumeno: jino lililopindwa kupita wenzake, jino lililogonga jiwe, au kiungo cha kuchomelea kisichosawazishwa vizuri. Tafuta jino hilo kwa jicho na kidole kilichovaa glavu, uliponye, na mashine uiache ilivyo.

Mawimbi marefu, ya nusu mita au zaidi, yana habari nyingine. Anza na ubutu, kwa sababu ndio unaosababisha mengi kuliko yote yaliyobaki. Msumeno huwa butu muda mrefu kabla mkono haujahisi, na mpasuaji mwenye bidii hulipa ubutu huo kwa kusukuma kwa nguvu zaidi, jambo ambalo huufanya msumeno utafute njia rahisi ndani ya mti badala ya kufuata mstari. Mimi hubadilisha msumeno baada ya saa moja hadi mbili za kukata kwenyewe, na mapema zaidi gogo likiwa na udongo, bila kusubiri ulalamike. Kunoa kidogo mara nyingi huupa msumeno maisha marefu kuliko kunoa sana mara chache.

Udongo unastahili maneno zaidi, kwa sababu kwenye miteremko yetu magogo huviringishwa au huburutwa hadi barabarani, na gamba la mpaini hushika udongo mwekundu na changarawe kama sifongo. Katika mashine ya msumeno uliolazwa, meno huingia upande mmoja wa gogo na kutokea upande wa pili. Mchanga ulio upande wa kuingilia huvutwa kupita upana wote wa mkato ukiyasaga meno, ilhali ule ulio upande wa kutokea hutupwa nje pamoja na vumbi. Ligeuze gogo ili upande ulio safi uwe wa kuingilia, na pale pasipowezekana, menya gamba kwa shoka au panga kwa ukanda mwembamba tu mahali meno yatakapoingia. Dakika mbili za kazi hiyo huokoa msumeno mzima. Mikaratusi iliyokua mipakani mwa viwanja ichunguzwe kwa jicho kali zaidi, kwa kuwa miti ya namna hiyo mara nyingi imewahi kupigiliwa misumari au kufungwa waya wa uzio ambao mti umekwisha kuumeza. Doa jeusi la kibuluu kwenye ncha ya gogo ni dalili ya chuma kilicho ndani.

Kama msumeno una makali na bado mawimbi yapo, pima seti ya meno, yaani kiasi ambacho jino limepindwa nje ya mgongo wa msumeno, moja kulia, moja kushoto, na moja limeachwa katikati. Kwa mpaini mbichi, takriban milimita 0.5 hadi 0.6 kila upande hufaa. Kwa mkaratusi mgumu, punguza kidogo. Vumbi litakusaidia kusoma hata kabla hujachukua kipimo. Likiwa laini kama unga, la moto, na limeshindiliwa juu ya mbao hadi unalikwangua, seti haitoshi na msumeno unabanwa ndani ya njia yake. Mbao ikitoka haina vumbi kabisa lakini imejaa mikwaruzo ya meno, seti imezidi na msumeno unayumba ndani ya nafasi kubwa mno. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kila unaponoa, ncha ya jino hushuka na seti hupungua nayo. Ndiyo maana msumeno ulionolewa mara tatu bila kusetiwa huonekana mkali lakini haukati mstari. Seti kwanza, noa baadaye.

Mkazo wa msumeno ni chanzo cha tatu. Chuma kikipata moto hurefuka, na msumeno ulioanza asubuhi na mkazo sahihi huwa umelegea baada ya gogo la kwanza, kwa hiyo geji itazamwe tena hapo na irekebishwe. Lakini ukishauongeza mkazo wakati wa moto, usiuache hivyo unapokwenda kula: msumeno ukipoa hujifupisha, mkazo hupanda kupita kiasi, na magurudumu na beringi hubeba mzigo huo mchana kutwa. Legeza kila unapopumzika.

Mwendo wa kusukuma nao una pande mbili. Kusukuma haraka katika mkato mpana hujaza mabonde ya meno kwa vumbi lisilo na pa kwenda, na msumeno hupanda au kushuka. Kusukuma polepole mno, ambako wengi hudhani ndiko uangalifu, hufanya meno yasugue badala ya kukata, na kusugua ndiko kunakozaa joto. Sikiliza injini: inapaswa kufanya kazi, isilemewe. Mwendo uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mbele ya kifundo kikubwa, ambapo hupunguzwa kabla ya kukifikia, kwa sababu kupunguza ukiwa ndani yake ni kuchelewa.

Ikiwa mawimbi yapo kwenye vifundo tu, tazama pembe ya jino, yaani jinsi uso wake ulivyoinamia mbele. Pembe ya nyuzi 10 hukata mpaini vizuri, ila kwenye vifundo vigumu na mkaratusi uliokauka jino lenye pembe hiyo hung'ang'ania na kuvutwa. Misumeno ya nyuzi 7 au 4 hupita kwa utulivu zaidi, ingawa huhitaji nguvu zaidi ya injini.

Utomvu wa mpaini ni adui mdogo anayefanya kazi ya adui mkubwa. Ukigandana kwenye ubavu wa msumeno, huongeza unene wake na kula nafasi iliyoletwa na seti. Matone ya maji yaliyochanganywa na sabuni ya maji kidogo, yakidondoka juu ya msumeno wakati wa kukata, hutosha. Kinachotakiwa ni msumeno kubaki safi, si gogo kuoga.

Mwisho kabisa ndipo tunafika kwenye rola za kuongozea, ambazo wengi hukimbilia kuzigusa mwanzo. Rola hupaswa kuusukuma msumeno chini takriban milimita 6 kutoka mstari wake wa asili kati ya magurudumu, na zote mbili zisukume sawa. Ile inayosogezwa iwekwe karibu na gogo kadiri inavyowezekana bila kugonga, sentimita 2 au 3 kutoka sehemu pana zaidi, kwa sababu msumeno usioshikwa katika urefu mkubwa hutikisika kama uzi. Kuhakiki kama msumeno umelala sambamba na kitanda, banisha fimbo ya chuma iliyonyooka kwenye ubavu wa msumeno kati ya meno, upime umbali wa ncha yake ya mbele na ya nyuma hadi kitandani. Vipimo visipolingana, msumeno umeinamisha pua, na utazama au kupanda katika kila mkato hata ukiwa mpya.

Msumeno unavuta upande mmoja muda wote

Pale msumeno unaposhuka au kupanda mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho bila kurudi, meno ya upande mmoja hayalingani na ya upande wa pili. Msumeno huelekea upande wenye seti kubwa zaidi, na hukimbia upande uliopata ubutu. Kama tatizo limeanza ghafla katikati ya gogo, umegonga jiwe au msumari uliosugua upande mmoja. Kama limekuwapo tangu ulipouvalisha, tatizo ni la kifaa cha kuseti au la jiwe lisilosimama wima. Hakuna marekebisho ya rola yatakayoponya hali hii kwa kudumu. Yataficha tu, na msumeno unaofuata, ulio mzuri, ndio utakaoharibika.

Msumeno unakatika

Msumeno wa mkanda hupindwa na kunyooshwa kwenye kila gurudumu mara maelfu kwa saa, na chuma chochote kinachopindwa namna hiyo hatimaye huchoka. Swali ni kama umekatika baada ya kutimiza kazi yake au kabla. Utazame mkatiko. Ufa ulioanzia kwenye bonde la jino, mara nyingi ukiwa na wenzake wadogo katika mabonde jirani, ni dalili ya uchovu: msumeno umekaa kazini saa nyingi mno bila kubadilishwa, au jiwe limenoa uso wa jino bila kufuata bonde lote, likaacha mikwaruzo na kona kali ambamo ufa huzaliwa. Jiwe likiacha rangi ya bluu kwenye ncha ya jino, limeunguza chuma, na chuma kilichoungua huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Noa kwa mguso mwepesi.

Ufa ulioanzia mgongoni una chanzo tofauti. Mgongo wa msumeno unasugua ukingo wa rola. Msumeno usipokuwa ukikata, unapaswa kuwa mbali na ukingo huo kwa milimita 2 au 3. Mgongo unaong'aa au uliovimba ukingoni ni ushahidi wa kutosha. Mkatiko kwenye kiungo cha kuchomelea, hasa katika siku za mwanzo, ni wa kiungo chenyewe, na msumeno huo urudishwe kwa aliyeuunga. Aidha, misumeno minene huvutia wenye mashine ndogo kwa kuwa hukaa imara katika mti mgumu, lakini ikizungushwa kwenye magurudumu madogo huchoka haraka kuliko ile myembamba. Mwenye gurudumu dogo asishangae akiona msumeno wa milimita 1.1 haudumu kama ule wa milimita 0.9.

Kuacha msumeno ukiwa umekazwa usiku kucha hufupisha maisha yake pia. Nalitaja tena kwa sababu ni kosa ninalolikuta kila ninapotembelea mashine ya mtu mwingine asubuhi.

Msumeno unaruka kutoka kwenye magurudumu

Mara nyingi chanzo ni belti au mpira unaolivika gurudumu kulika hadi msumeno kugusa chuma, vumbi lililoshindiliwa kati ya msumeno na mpira, au msumeno kuchomolewa ndani ya gogo ukirudi nyuma huku bado unazunguka. Safisha, badilisha kilicholika, na unaporudisha kichwa nyuma, kiinue kwanza kiwe juu ya gogo. Baada ya hayo ndipo urekebishe mwinamo wa gurudumu, kwa robo ya mzunguko wa bolti kwa wakati mmoja, ukizungusha gurudumu kwa mkono.

Unene haulingani kutoka ncha hadi ncha

Mbao iliyo nyoofu juu na chini lakini ina milimita 52 ncha moja na 47 ncha nyingine haihusiani na msumeno. Kagua kitanda kwanza. Mashine ndogo huhamishwa kutoka shamba hadi shamba, na ikitegeshwa juu ya ardhi laini baada ya mvua, mguu mmoja huzama katikati ya kazi. Tumia kamba iliyokazwa kwa urefu wote wa reli pamoja na pimamaji, urudie ukaguzi huo mchana. Kisha futa vumbi na vipande vya magamba vilivyonasa chini ya boriti, yaani gogo lililokwisha kupunguzwa pande, kila unapoigeuza; kipande cha milimita 5 kitaonekana katika kila mbao utakayotoa. Tazama pia mlegeo katika mnyororo au skrubu ya kupandisha kichwa: ukikifikia kipimo kwa kushuka, fanya hivyo kila mara, maana kukifikia kwa kupanda huacha mlegeo upande mwingine.

Gogo lenye ncha moja nene na nyingine nyembamba linahitaji kuinuliwa ncha nyembamba kabla ya mkato wa kwanza, hadi moyo wa gogo uwe na umbali mmoja kutoka kitandani pande zote mbili. Usipofanya hivyo, nyuzi za mti zitakatwa kwa mshazari na mbao itakuwa dhaifu hata ikiwa imenyooka.

Mbao zinapinda zikiwa bado kitandani

Hapa tunafika kwenye tatizo ambalo mashine hulaumiwa bure. Mkaratusi unaokua haraka hujenga mvutano ndani ya shina: nyuzi za nje zimevutwa, za ndani zimebanwa, na gogo zima limetulia kwa sababu pande hizo zinashikana. Ukitoa banzi la kwanza, yaani kipande cha nje chenye gamba, umeondoa sehemu ya vile vilivyokuwa vikivuta, na kilichobaki hutafuta utulivu mpya. Mbao hujiinua kama upinde mbele ya macho yako, boriti huinuka katikati au ncha zake huachana na kitanda, na mkato unaofuata, uliopimwa sawasawa, hutoa mbao nene kwenye ncha na nyembamba katikati au kinyume chake.

Dawa yake ni kupasua kwa mizani. Usitoe mbao zote kutoka upande mmoja. Toa banzi, geuza gogo nusu duara, toa banzi la upande wa pili, kisha endelea hivyo kwa zamu, mbao moja au mbili kila upande, ili mvutano upungue sawa pande zote. Kila baada ya kugeuza, hakikisha boriti imelala. Ikiwa imeinuka, pitisha mkato mwembamba wa kuinyoosha kabla ya kuchukua mbao ya kipimo. Moyo wa gogo uuache ndani ya kipande kimoja kinene, usiugawanye katika mbao mbili zitakazopinda zote. Magogo mafupi hupinda kidogo kuliko marefu, na yenye kipenyo kikubwa ni matulivu kuliko membamba. Mtu aliyeagizwa fremu za milango za futi 7 hana sababu ya kupasua mkaratusi wa futi 12.

Ncha za mkaratusi hupasuka kwa nguvu hiyohiyo, mara nyingine saa chache baada ya mti kuangushwa. Zipake rangi nzito au nta siku hiyohiyo, weka magogo kivulini, na yapasue ndani ya siku chache.

Nyoofu leo, imejinyonga mwezi ujao

Mteja anarudi na mbao za inchi mbili kwa nne zilizojisokota kama parafujo, na mpasuaji anaapa kwamba zilitoka nyoofu. Huenda wote wawili wanasema kweli. Wakulima wengi wadogo huuza mipaini ikiwa na miaka 8 hadi 12 kwa sababu ada za shule hazisubiri, na mpaini wa umri huo ni mti mchanga karibu wote. Nyuzi zake za karibu na moyo huzunguka shina badala ya kwenda wima, na zikikauka, mbao hujinyonga kuzifuata. Hakuna msumeno unaoweza kubadilisha umri wa mti. Kinachowezekana ni kuchagua: mbao za karibu na moyo ziende kwenye kazi zisizodai unyoofu, kama pembeni mwa makreti na mbao za kushikilia zege bichi, na zile za nje ndizo ziuzwe kwa kenchi na fremu.

Sehemu iliyobaki ya lawama iko kwenye ukaushaji. Mti huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, na husinyaa takriban mara mbili zaidi ukiufuata mviringo wa shina kuliko kuelekea moyoni. Ndiyo maana mbao iliyokatwa pembeni mwa gogo hujikunja kama kigae. Kwa ubao wa milimita 50, pasua milimita 52 au 53 ili ukikauka usiwe pungufu. Zipange mbao siku hiyohiyo, juu ya misingi iliyoinuka sentimita 40 kutoka ardhini na iliyolingana, ukitenganisha kila safu kwa vijiti vikavu vya inchi moja kila baada ya sentimita 45 hadi 60. Vijiti vyote viwe katika mstari mmoja wima, toka chini hadi juu: kijiti kilichokaa nje ya mstari huchora mpindo wake kwenye kila ubao uliopo chini. Weka paa la mabanzi au mabati juu, na mawe mazito juu ya safu ya mwisho, kwa kuwa mbao za juu zisipobanwa ndizo zinazojinyonga kwanza.

Madoa ya bluu kwenye mpaini

Hii ni kuvu inayoishi kwenye sehemu nyeupe ya mti ikiwa bado na unyevu, na katika msimu wa mvua huonekana ndani ya siku chache. Haipunguzi sana nguvu ya mbao, ila inapunguza bei. Punguza siku kati ya kuangusha na kupasua, na kati ya kupasua na kupanga kwa vijiti. Mbao zilizorundikwa bila nafasi ya hewa chini ya turubai ndizo zinazobluu haraka kuliko zote. Turubai linalogusa mbao hufungia unyevu ndani.

Kuhusu ding-dong

Matatizo mengi yaliyotajwa juu, yaani udongo, ubutu, seti na mvutano wa gogo, ni yaleyale. La pekee kwa msumeno wa duara ni kasi. Bamba lake hufuliwa kwa nyundo na fundi ili linyooke likiwa katika kasi fulani, na likizunguka chini au juu ya kasi hiyo hulegea pembeni na kutikisika. Msumeno wenye kipenyo cha mita moja unaokusudiwa kwenda mita 45 kwa sekunde kwenye meno yake unahitaji mizunguko 860 hivi kwa dakika. Kwa hiyo anayebadilisha injini au puli bila kupiga hesabu hii amebadilisha msumeno wake pia. Bamba likipata joto kuzunguka kitovu, tafuta beringi kavu au gogo linalosugua ubavu. Likipata joto ukingoni, meno ni butu au seti ni ndogo. Likiendelea kutikisika baada ya hayo yote, lipelekwe kwa fundi anayejua kulifua, lisinyooshwe kwa nyundo ya kawaida shambani.

Nyingi ya mashine hizi hufanya kazi bila kisu cha kutenganishia nyuma ya msumeno, na mkaratusi wenye mvutano hujifunga juu ya meno ya nyuma na kurusha boriti kumwelekea anayesukuma. Kipande cha chuma kilichonyooka, kinene kidogo kuliko bamba lakini chembamba kuliko mkato, kikifungwa imara katika mstari wa msumeno sentimita chache nyuma yake, huzuia mti usijifunge. Mchomeleaji yeyote anaweza kukitengeneza kwa muda mfupi. Kifungwe kabla ya gogo linalofuata, na anayesukuma asisimame katika mstari wa msumeno hata kikiwapo.